Sindano ya Seftriaksoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wagonjwa, wazazi na ndugu wanaouguza. Maelezo yake yatakusaidia kuelewa unachofanyiwa na kuuliza maswali yanayostahili, lakini hayachukui nafasi ya daktari aliyekupima. Vipimo vya dawa vilivyotajwa humu si vya kujitibia nyumbani.

Seftriaksoni ni dawa gani, na hutolewa kwa magonjwa yapi?

Ni antibayotiki ya sindano, ambayo kwenye boksi huandikwa Ceftriaxone. Imo katika jamii ya sefalosporini, ambayo ina undugu na penisilini, na imekuwa ikitumika hospitalini tangu miaka ya 1980. Huua bakteria kwa kuwazuia wasijenge ukuta wa seli zao. Hutolewa kwa maambukizi mazito kama homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria, nimonia kali, maambukizi yaliyoingia kwenye damu, taifodi kali, maambukizi ya figo na ya tumboni, pamoja na kisonono. Madaktari wa upasuaji nao huitumia kabla ya baadhi ya operesheni ili kuzuia kidonda kisioze.

Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu kuliko antibayotiki nyingi za sindano, kwa kuwa huchukua takribani saa 6 hadi 9 kiasi chake kupungua nusu. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hudungwa mara moja tu kwa siku. Homa ya uti wa mgongo huhitaji kiwango kikubwa zaidi, ambacho kwa mtu mzima mara nyingi ni gramu 2 kila baada ya saa 12.

Je, sindano ina nguvu kuliko vidonge?

Hapana. Imani hii ndiyo inayowafikisha watu wengi kwenye sindano wasiyoihitaji, kwa hiyo inafaa kuielezea kwa kirefu. Seftriaksoni haina kidonge kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba utumbo hauwezi kuifyonza ikafika kwenye damu kwa kiasi cha kutosha. Nguvu ya antibayotiki yoyote hutegemea kama bakteria aliyekuumiza anauawa na dawa hiyo, na kama dawa inafika mahali alipo. Amoksilini ya kumeza, kwa mgonjwa wa nimonia isiyo kali ambaye anakula, anakunywa na hatapiki, hufanya kazi iliyokusudiwa, na humwepusha na maumivu, gharama na hatari za sindano.

Sindano huwa na faida ya kweli pale ambapo mgonjwa hawezi kumeza, anatapika kila kitu, amepoteza fahamu, au ugonjwa wake unakwenda kasi kiasi kwamba kila saa ina thamani. Hali ikitulia, kwa kawaida baada ya siku moja hadi tatu, daktari mzuri hufikiria kumhamishia mgonjwa kwenye vidonge, endapo ugonjwa wake ni ule unaoruhusu. Akifanya hivyo hajakupunguzia huduma, na hakuna sababu ya kumbembeleza aendelee na sindano.

Nina homa na mwili unauma. Je, nidungwe sindano hii ili nipone haraka?

Homa peke yake haitoshi kuwa sababu. Mafua na vikohozi vingi vinatokana na virusi, na hakuna antibayotiki inayoua virusi. Malaria husababishwa na vimelea vya aina nyingine kabisa, na seftriaksoni haiitibu, hata ukidungwa siku kumi. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti. Ni kweli kwamba mtoto aliyezidiwa anaweza kupewa artesuneti na seftriaksoni kwa pamoja, lakini hiyo ni kwa sababu dalili za malaria kali na za maambukizi ya bakteria kwenye damu hufanana, na daktari hawezi kusubiri majibu yote huku mtoto akipoteza maisha.

Kuhusu taifodi, tahadhari inahitajika zaidi. Watu wengi huambiwa wana taifodi kwa kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja tu. Kipimo hicho huangalia kingamwili, nazo zinaweza kuwa zimebaki kutokana na maambukizi ya zamani au ya ugonjwa mwingine, hivyo huwapa majibu ya taifodi watu wengi wasio nayo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, kabla antibayotiki haijaanza. Ukiambiwa una taifodi na kwamba unahitaji sindano za siku kadhaa, una haki ya kuuliza kwa heshima: “Daktari, kipimo kilichotumika ni kipi, na je, vidonge havitanifaa?”

Nimweleze nini mhudumu kabla sijadungwa?

Mweleze kwanza kuhusu mzio, ambao wengi huuita aleji. Kama uliwahi kupata shida baada ya penisilini, amoksilini au antibayotiki yoyote, usiishie kusema “dawa ile inanidhuru”. Eleza kilichotokea: uliumwa tumbo tu, ulitokwa na vipele, ulivimba midomo, ulishindwa kupumua, au ngozi ilibabuka? Na je, ilikuwa dakika chache baada ya dawa au siku kadhaa baadaye? Majibu hayo ndiyo yanayomwezesha daktari kuamua. Wengi waliopata vipele vidogo kwa penisilini wanaweza kutumia seftriaksoni bila tatizo, kwa kuwa maumbo ya dawa hizi mbili yanatofautiana kuliko ilivyodhaniwa zamani. Lakini aliyewahi kupata mzio mkali kwa penisilini anahitaji uamuzi wa daktari mwenyewe, na aliyewahi kupata mzio mkali kwa seftriaksoni yenyewe asipewe tena.

Mweleze pia kama una ugonjwa wa ini au wa figo, hasa vyote viwili kwa pamoja. Kama una selimundu. Kama uliwahi kupungukiwa damu ghafla baada ya antibayotiki. Na kama unatumia warfarini, jambo linalowahusu hasa wenye vali za bandia za moyo. Seftriaksoni inaweza kuongeza nguvu ya warfarini ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo kipimo cha kuganda kwa damu hurudiwa mapema kuliko kawaida.

Baadhi ya vituo hudunga kidogo chini ya ngozi ili “kujaribu” dawa. Je, jaribio hilo linatosha?

Halitoshi. Ngozi isipobadilika haimaanishi kwamba uko salama, na mgonjwa aliyezidiwa asicheleweshewe dawa kwa ajili ya jaribio hilo. Kinachomlinda mgonjwa zaidi ni historia iliyoulizwa vizuri, adrenalini (dawa ya kwanza ya mzio mkali) iliyo karibu na mkono wa mhudumu, na kubaki kituoni baada ya sindano kwa takribani nusu saa, hasa kwa dozi ya kwanza. Ukiona mahali wanapodunga hapana adrenalini, hapo hapafai kudungia dawa hii.

Dawa huchanganywaje, na mimi nisiye mtaalamu niangalie nini?

Seftriaksoni huja ikiwa unga mkavu, mweupe au wa manjano kidogo, ndani ya kichupa cha miligramu 250, 500 au gramu 1. Huyeyushwa muda mfupi kabla ya kutumika. Ikishayeyuka huwa na rangi ya manjano hafifu hadi ya kahawia ya dhahabu, na rangi hiyo si dalili ya kuharibika. Kinachotakiwa ni maji yake yawe angavu. Ukiona chembechembe zinaelea au ukungu, mwombe mhudumu asiitumie.

Jambo la hatari kubwa hapa ni kimiminika cha kuyeyushia. Sindano ya msuli huuma sana, kwa hiyo dawa inayokwenda kwenye msuli huyeyushwa kwa lidokaini, ambayo ni dawa ya ganzi. Dawa iliyoyeyushwa kwa lidokaini haipaswi kamwe kuingizwa kwenye mshipa wa damu, kwa kuwa lidokaini hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege. Ya mshipa huyeyushwa kwa maji safi ya sindano au kimiminika kingine kinachoruhusiwa, kisha husukumwa polepole kwa dakika chache, au hupitishwa kwa dripu kwa nusu saa. Baadhi ya maboksi huuzwa yakiwa na kichupa kidogo cha lidokaini ndani na mengine yana cha maji, na vichupa hivyo viwili hufanana sana. Kama umenunua dawa mwenyewe na kuipeleka kituoni, mwonyeshe mhudumu boksi zima, usitoe kichupa cha unga peke yake.

Kwa mtu mzima, gramu 1 ndiyo kiasi cha juu kwa kalio moja. Ikizidi hapo hugawanywa sehemu mbili. Mahali pa kudunga pana umuhimu wake, kwa sababu sindano iliyokosewa kwenye kalio inaweza kujeruhi neva kubwa ya mguu na kumwacha mtoto akichechemea. Mashariki mwa Uganda, hasa katika wilaya ya Kumi, madaktari wameeleza habari za watoto ambao misuli ya makalio yao ilikakamaa wakashindwa kuchuchumaa vizuri, na sindano nyingi za utotoni zimehusishwa na tatizo hilo. Kwa watoto, pale mshipa unapopatikana na dawa ni ya lazima, njia ya mshipa mara nyingi ndiyo bora.

Kwa nini husemwa kwamba isichanganywe na dripu yenye kalsiamu?

Seftriaksoni ikikutana na kalsiamu hushikamana nayo na kufanya chembe ngumu zisizoyeyuka. Dripu inayohusika zaidi katika hospitali zetu ni ile ya Ringer, ambayo kwenye karatasi ya mgonjwa huandikwa RL. Dawa isiyeyushwe kwa RL, wala isipitishwe kwenye mrija mmoja nayo kwa wakati mmoja. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa zinaweza kutolewa moja baada ya nyingine, mradi mrija usafishwe vizuri katikati kwa maji ya chumvi ya dripu.

Kwa mtoto mchanga sharti ni kali zaidi. Mtoto aliye na umri wa siku 28 au chini ya hapo ambaye anapewa, au anatarajiwa kupewa, kimiminika chenye kalsiamu kwenye mshipa hapaswi kupewa seftriaksoni kabisa, hata kwa mrija tofauti na kwa saa tofauti. Watoto wachanga wamefariki dunia na kukutwa na chembe hizo kwenye mapafu na figo. Aidha, dawa hii huibandua bilirubini, yaani kemikali ya manjano inayoleta umanjano, kutoka kwenye protini ya damu inayoibeba, na bilirubini iliyo huru inaweza kuingia kwenye ubongo wa mtoto na kuudhuru. Kwa hiyo mtoto mchanga mwenye umanjano wa macho na ngozi, pamoja na aliyezaliwa kabla ya wakati, hutafutiwa antibayotiki nyingine, mathalani sefotaksimu.

Katazo hili linahusu kalsiamu ya mshipani. Maziwa, dagaa na vyakula vingine vyenye kalsiamu havimzuii mgonjwa kutibiwa.

Mtoto wangu ana selimundu. Je, dawa hii ni salama kwake?

Mara nyingi ndiyo dawa inayookoa maisha yake, kwa kuwa watoto wenye selimundu hushambuliwa kwa urahisi na bakteria wa nimonia na wa taifodi, na homa kwao ni dharura. Usiikatae. Hata hivyo, kuna madhara adimu ambayo kila mzazi wa mtoto huyu anapaswa kuyajua. Kinga ya mwili inaweza kuanza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa sababu ya dawa, na watoto waliopatwa na hali hiyo kwa ukali, baadhi yao wakiwa na selimundu, mara nyingi walikuwa wamewahi kupewa seftriaksoni kabla. Damu huweza kushuka kwa saa chache, wakati mwingine dakika chache baada ya sindano.

Akipauka ghafla, mkojo ukawa mwekundu au wa rangi ya kola, akalalamika mgongo au akapumua kwa kasi, dawa isimamishwe papo hapo na wingi wa damu upimwe. Usikubali kuambiwa kirahisi kwamba ni selimundu yenyewe tu. Na kama mtoto aliwahi kupatwa na hali hiyo, jina la dawa liandikwe kwa wino mwekundu kwenye kadi yake ya kliniki.

Madhara ya kawaida ni yapi, na yapi ni ya kukimbilia hospitali?

Maumivu mahali palipodungwa, kuharisha kidogo, kichefuchefu, vipele vyepesi na utando mweupe mdomoni au muwasho ukeni unaotokana na fangasi hutokea mara kwa mara, na kwa kawaida huisha. Mwarifu mhudumu wako hata hivyo.

Hatari kubwa ya dakika za mwanzo ni mzio mkali: kuvimba uso, midomo au koo, kupumua kwa shida, kutokwa na vipele mwili mzima, kizunguzungu na kuanguka. Tiba yake ya kwanza ni adrenalini, ikidungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Dawa nyingine za mzio hufuata baadaye, hazichukui nafasi yake.

Siku zinazofuata, rudi hospitali bila kuchelewa ukiharisha maji mengi au damu, ngozi ikianza kubabuka au kutoa malengelenge, macho yakigeuka manjano, au mgonjwa wa figo akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege. Kuharisha kunaweza kutokana na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hustawi pale antibayotiki inapowaua bakteria wema wa utumboni, na kunaweza kuanza hata miezi miwili baada ya kumaliza dawa. Ukifika hospitali, taja kwamba ulidungwa seftriaksoni, kwa maana mhudumu hawezi kuyaotea matibabu ya miezi iliyopita. Maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia nayo yana maelezo: dawa inaweza kutuama kwenye mfuko wa nyongo na kuonekana kwenye ultrasaundi kama mawe. Kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe dawa ikisimamishwa, na si sababu ya kukimbilia upasuaji.

Nimeruhusiwa kwenda nyumbani na kanula mkononi ili nirudi kila siku. Nifanye nini?

Utaratibu huu umeenea sana, na una nafuu yake, lakini kanula, yaani mrija mdogo ulioachwa kwenye mshipa, ni mlango ulio wazi kuelekea kwenye damu. Pakae pakavu na pamefunikwa. Usioshe vyombo wala kufua kwa mkono huo bila kinga. Pakiwa pekundu, pakivimba, pakiuma au pakitoa majimaji, rudi siku hiyo hiyo ibadilishwe, usisubiri saa ya dozi. Rudi kwa saa ile ile kila siku kadiri unavyoweza. Ukichelewa, nenda mara unapokumbuka na mhudumu apange upya saa, bila kudungwa dozi mbili kwa mkupuo. Siku ya mwisho hakikisha kanula imetolewa.

Asidungwe mtu nyumbani na jirani “anayejua kuchoma sindano”. Mwaka 2014, katika kijiji cha Roka nchini Kambodia, zaidi ya watu 200 waligunduliwa kuambukizwa virusi vya UKIMWI, na mhudumu asiye na leseni aliyekuwa akirudia vifaa vya sindano alihukumiwa kwa jambo hilo. Bomba na sindano vifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti isiyotoboka, vitumike mara moja, na vitupwe kwenye boksi la usalama papo hapo.

Vipi kuhusu ujauzito, kunyonyesha, uzazi wa mpango na pombe?

Kwa mjamzito hutumika pale inapohitajika, na uzoefu wa miaka mingi haujaonyesha kwamba huleta ulemavu kwa mtoto. Kiasi kidogo sana huingia kwenye maziwa ya mama, hivyo endelea kunyonyesha huku ukiangalia kama mtoto anaharisha au ana utando mdomoni. Haipunguzi nguvu ya sindano wala vijiti vya uzazi wa mpango. Ukitapika au kuharisha sana, vidonge vya uzazi wa mpango ndivyo vinavyoweza kushindwa kufyonzwa. Pombe iachwe hadi upone, kwa kuwa mwili unaopambana na maambukizi mazito hauhitaji mzigo huo, na ini lako linashiriki kuitoa dawa.

Nimedungwa mara moja kwa ajili ya kisonono. Je, nimepona?

Dozi moja ya msuli kwa kawaida hutosha, lakini mwenza wako asipotibiwa utaambukizwa tena. Msikutane kimwili kwa siku saba baada ya nyote wawili kutibiwa. Pima pia virusi vya UKIMWI na kaswende. Dalili zikiendelea, rudi kituoni badala ya kununua sindano nyingine, maana sehemu mbalimbali duniani wamepatikana vijidudu vya kisonono visivyouawa na dawa hii.

Kwa nini msisitizo mkubwa hivi kuhusu kutotumia dawa hii ovyo?

Kwa sababu tuko karibu kuipoteza. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Seftriaksoni imo katika kundi la pili, lakini katika wodi zetu nyingi hutolewa kana kwamba ni ya kwanza. Baadhi ya bakteria wa utumbo, wakiwemo Klebsiella na E. coli, wamejifunza kutengeneza vimeng’enya vinavyoivunja dawa hii kabla haijafanya kazi, na hupitishiana uwezo huo. Mwaka 2016 nchini Pakistan, katika jimbo la Sindh, ulianza mlipuko wa taifodi isiyosikia seftriaksoni, na wagonjwa wakabaki na dawa chache mno za kuwatibu.

Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu yasiyosikia seftriaksoni huhitaji dawa ghali ambazo hospitali nyingi za wilaya hazina. Anayeumia kwa sindano zilizodungwa bila sababu mara nyingi ni mtoto huyo, ambaye hata hakuzidungwa.

Nikinunua mwenyewe, nitajuaje kama dawa ni nzuri?

Nunua kwa cheti cha daktari, kwenye famasi iliyosajiliwa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, muhuri wa kifuniko, na kama unga umeganda au una unyevu. Kichupa kilichokaa dirishani juani kisichukuliwe. Ukiwa na shaka, Tanzania toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na Kenya kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Taarifa za madhara hupokelewa huko pia, nazo ni za mgonjwa yeyote kutoa.

Daktari amenihamishia kwenye vidonge, na vichupa viwili vimebaki. Nivifanyie nini?

Virudishe kwenye famasi au kituo cha afya ili viteketezwe kwa utaratibu. Visihifadhiwe kwa ajili ya homa ijayo, visipewe jirani, wala visitumiwe kwa kuku na ng’ombe. Kilichokwisha kuyeyushwa kikabaki hakihifadhiwi nyumbani. Watengenezaji wengi huruhusu saa 6 tu kwenye joto la kawaida na saa 24 kwenye friji, tena hiyo ni kwa kituo chenye usimamizi.